Siku Niliyokuwa Miguu ya Nyuma ya Dume

Chuo kikuu kilipokuja kwetu mara hii, kilikuja na maigizo. Hapo awali kilikuwa kimetuletea sungura, kisha kikatuletea mizinga ya nyuki. Sungura tuliwala, maana hakuna aliyetueleza vizuri kwamba lengo lilikuwa tuwatazame wakizaana. Mizinga ilikaa kwenye vigingi vyake nyuma ya kanisa bila nyuki hata mmoja. Vifuniko vilipopeperushwa na upepo, kuku wa jirani wakagundua kwamba humo ni mahali pazuri pa kutagia. Kila mara wageni walipoondoka, walituachia neno moja la kukumbuka. Neno hilo lilikuwa ushirikiano.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko kwenye senta ndogo kando ya barabara, ukitoka Eldoret kwenda Turbo, na nyuma ya senta nina kishamba nilichoachiwa na baba. Baba alitoka sehemu za kati akiwa kijana, akanunua hapa, akalima hapa, na hapa ndipo alipozikwa. Kati ya mambo aliyonifunza, moja lilikuwa hili: ng'ombe wa mtu akiingia shambani kwako, mtoe polepole, kisha ukikutana na mwenyewe, msalimie kwanza. Kuna miaka huku kwetu ambapo maneno madogo kuliko ng'ombe na mahindi yaliwahi kuteketeza nyumba. Kwa hiyo sisi wa kuja tulijifunza kunyamaza, na wenyeji nao wakajifunza kutouliza tunanyamazia nini.

Sasa, palikuwa na dume.

Lilikuwa dume kubwa jeusi lenye mabaka meupe, mali ya mzee tuliyemwita Mwenyekiti. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa shule, wa maji, wa ujenzi wa kanisa na wa kila kamati iliyowahi kukalia kiti cha plastiki. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisini mjini. Alivaa kofia ya kahawia, alitembea na redio ndogo katika mfuko wa koti, na kabla ya kusema lolote alikohoa, kikohozi kifupi kikavu, na watu wote wakanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Pikapu yake ndiyo iliyowapeleka wagonjwa wetu hadi hospitali ya misheni kule Plateau, ng'ambo ya mji, na hakuwahi kumdai mtu shukrani. Dume lenyewe lilipanda ng'ombe wetu wote. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

Asubuhi alilifungulia geti tu, likaenda. Lilikuwa na desturi zake. Likifika kwenye shamba la mtu, lilijikuna shingo kwenye kigingi cha ua, likageuza kichwa kuangalia nyuma, kama mtu anayehakikisha hakuna anayemfahamu karibu, kisha likaingia. Lilipenda kwangu zaidi. Asubuhi moja, msimu mmoja kabla ya maigizo, nilikuta mistari yote ya upande wa mto imelazwa chini, na mahindi mabichi yametafunwa hadi kwenye magunzi. Nikafunga leso kiunoni, nikaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti nikiwa nimeyapanga maneno yangu. Mke wake akanifungulia, akanikaribisha, akanimiminia chai. Mwenyekiti akaja, akaketi, akakohoa. Tukazungumza juu ya mvua. Nikarudi nyumbani nimeshiba chai, na neno la mahindi sikulitoa.

Aliyeongoza ushirikiano wa mara hii alikuwa mhadhiri wa maigizo, mwanamume mpole mwenye miwani na sweta ya kijivu. Wanafunzi wake walimwita Daktari, na jina hilo lilimtesa tangu siku ya kwanza. Mama mmoja mzee wa senta yetu aliposikia daktari amefika, alitoka kwake na mwavuli wake, akamfikia mbele ya tenti ya wageni, akainua sketi kidogo na kumwonyesha goti.

"Mama, mimi si daktari wa hospitali," akasema. "Mimi ni daktari wa michezo."

"Hata mimi niliumia hapo," mama akasema. "Nilikuwa nacheza netiboli."

Daktari akamtazama, akatutazama sisi, kisha akainama akaligusa goti kwa heshima na kusema lipumzishwe. Mama akaridhika. Mimi nikamwona ni mtu anayeweza kuishi na watu.

Alitueleza kwamba hawakuja na kitu chochote cha kutupa. Tungetaja shida yetu wenyewe, tungeitungia mchezo, tungeuigiza uwanjani mbele ya wakubwa wa chuo na wa serikali. Mchezo wenyewe ulikuwa na sheria moja. Mtazamaji akiona mambo yanaharibika, anasema "Simama," waigizaji wanasimama, naye anaingia na kuchukua nafasi ya yule anayekosea ili aonyeshe njia nyingine. Daktari aliipenda sana sheria hiyo. Aliirudia na kuirudia, huku akituangalia mmoja mmoja.

Akatuuliza shida yetu ni nini. Mwenyekiti alikuwa ameketi mbele kabisa, maana hata kamati ya ushirikiano alikuwa ameshaichukua. Basi tukasema yale tuliyojua wageni hupenda kuyasikia. Mmoja akasema mabadiliko ya tabianchi. Mwingine akasema vijana. Mwanamume mmoja akasema "uwezeshaji," akaketi bila kueleza nani amwezeshe nani. Daktari hakuwa mjinga. Akatugawanya, wanaume wakabaki kwenye tenti, na sisi akina mama tukapelekwa kwenye darasa la chekechea pamoja na mwanafunzi mmoja wa kike.

Msichana huyo alikuwa ametoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Sisi tuliketi kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yamefika kidevuni, naye akabandika karatasi kubwa ukutani.

"Mama zangu, mniwie radhi kwa kuwachosha," akaanza. "Ningependa kujua ni jambo gani hasa linalowakera."

Jirani yangu akaniinamia. "Huyu anaongea kama redio," akasema.

Jirani yangu huyo anauza samaki wa kukaanga mlango wa pili kutoka kwangu. Watu wake ni wa magharibi. Ana umbo kubwa na sauti kubwa, na woga hana kabisa, isipokuwa kwa Mwenyekiti, kama sisi sote. Lakini hapo Mwenyekiti hakuwepo, na mlango ulikuwa umefungwa. Akajikohoza.

"Dume," akasema.

Msichana akageuka. "Dume?"

"Eeh. Dume inatusumbua. Inaingia mahali inataka, inakula jasho ya watu, na hakuna mtu anaweza kuikanya."

Kalamu ya yule msichana ilisimama hewani. Niliona machozi yakimlengalenga. "Na hali hii imekuwepo tangu lini?"

"Tangu imee pembe," jirani akasema.

Msichana akageuka ukutani, na kwa herufi kubwa nyekundu akaandika: MFUMO DUME.

Tukatazamana. Mama mmoja akafungua mdomo amsahihishe, na jirani yangu akamfinya paja.

"Wacha hivyo," akamnong'oneza. "Kwani hiyo ni uongo?"

Tuliporudi kwenye tenti, msichana akasoma kwa sauti kwamba kikundi cha akina mama, bila kushinikizwa na yeyote, kimetaja mfumo dume kama kikwazo kikuu cha maendeleo. Daktari alivua miwani akaifuta. Nadhani alikuwa amezunguka vijiji vingi akitamani kulisikia neno hilo bila kulisema yeye kwanza. Mwenyekiti naye akakohoa, tukanyamaza, akasema, "Hiyo mambo ni ya kweli. Lazima tuiangalie." Akapiga makofi. Sisi pia tukapiga, na jirani yangu akapiga kwa nguvu kuliko wote.

Hivyo ndivyo mchezo wetu ulivyopata kibali cha kamati nzima.

Tulipoanza kuutunga tuliwaambia wanafunzi kwamba sisi watu wa mashambani hufikiri kwa mifano. Kwa hiyo mfumo dume ungeonyeshwa kama fahali, na mwenye fahali angekuwa mzee mwenye kofia. Daktari alifurahi mno. Alisema huo ni uhai wa sanaa simulizi. Mwanafunzi mmoja wa kiume kutoka Nairobi akapewa nafasi ya mzee, na sisi tukamfundisha atembeeje, redio iingie mfuko gani na akohoe lini. Kijana alikuwa mwepesi wa kuiga. Mwenyekiti hakuhudhuria mazoezi, na kijana hakuwa amekaa naye hata siku moja, lakini kufikia wiki ya pili ya mazoezi alikuwa akikohoa na sisi tunanyamaza, kwa mazoea.

Ngozi ya dume nilipewa niishone mimi. Nilitumia magunia, nikayapaka rangi nyeusi na chokaa, na kila baka jeupe nikaliweka mahali pake kama lilivyo kwa dume lenyewe, kwa sababu fundi mzuri hakosei vipimo. Nilikuwa nikishona mkia wa katani siku ambayo msichana wa pwani alikuja kibandani kuangalia kazi inavyoendelea. Aliizunguka ile ngozi. Akaigusa.

"Mama," akasema, "mbona mfumo una mkia?"

Nilikuwa na pini mdomoni, nikashukuru.

"Na hili baka la shingoni," akaendelea. "Jana nimeona ng'ombe pale barabarani mwenye baka kama hili hili."

Nikatoa pini. Nikamwambia aketi. Nikamweleza yote, kuhusu mistari yangu ya upande wa mto, chai niliyokunywa, na kwa nini jambo kama hilo halisemwi. Alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Nilifikiri amekasirika, maana ile karatasi ya herufi nyekundu ilikuwa tayari imefika chuoni. Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Kilipomshinda akainamia cherehani yangu, akacheka hadi fundi wa viatu aliyekuwa kando akasimama kutazama.

"Daktari anajua?" akauliza alipopata pumzi.

"Daktari ana kazi nyingi," nikasema.

Akafikiri. Kisha akaushika mkia, akaupima kwa macho. "Basi uongezwe urefu kidogo," akasema. "Waliokaa nyuma nao wauone."

Kuanzia hapo alikuwa wetu.

Swali likawa nani aingie ndani ya dume. Jirani yangu akachukua mbele bila kuomba kura. Alisema amelitazama dume lile kwa karibu, miaka yote akikaanga samaki, na analijua kuliko mwenyewe. Miguu ya nyuma hakuna aliyeitaka. Wakasema kwa kuwa ngozi ni yangu, niimalizie. Nikakataa, nikabembelezwa, nikakubali. Sikujua wakati huo kwamba harufu ya samaki huingia kwenye nguo za mtu isitoke tena. Mazoezini niliinama nyuma yake, mikono kiunoni pake, na kila mara tulipomaliza nilitoka nikiwa na njaa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, na uwanja wa shule ya msingi ulijaa. Chini ya tenti walikaa wakubwa wa chuo kutoka mjini, chifu wetu, na Mwenyekiti na mkewe. Mimi sikuwaona wakiketi. Nilikuwa tayari ndani ya dume nyuma ya darasa, nikiwa nimeinama. Kila kitu ninachoweza kusimulia juu ya mchezo ule nilikisikia kwa masikio, au nilikiona chini, kupitia uwazi kati ya ngozi na nyasi. Niliona nyasi na viatu. Viatu vya Mwenyekiti nilivijua vizuri, maana ni buti za kahawia ambazo mkewe huzipaka kiwi kila Jumamosi.

Tukaingia uwanjani. Watoto wakapiga kelele. Msichana wa pwani alikuwa mwenye shamba, akipalilia mahindi ya maboksi na kutusimulia shida zake kwa Kiswahili kile cha pasi. Jirani yangu akatembea taratibu hadi kwenye kigingi cha ua tuliokuwa tumesimamisha. Hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mazoezini. Akajikuna shingo kwenye kigingi. Akageuza kichwa kuangalia nyuma. Kisha akaingia.

Halafu nikasikia kicheko kikianza mbali, upande wa wauza nyanya, kikaja kama mvua inavyokuja juu ya mabati, nyumba kwa nyumba, hadi kikatufikia. Walikuwa wamelitambua.

Chini ya tenti nako walicheka. Niliambiwa baadaye kwamba Mwenyekiti alicheka kuliko wote, akimwonyesha chifu kwa kidole jinsi dume linavyotafuna maboksi. Aliendelea kucheka hadi yule kijana wa Nairobi alipoingia na kofia ya kahawia, redio mfukoni, akasimama na kukohoa.

Umati ukanyamaza. Walinyamaza kama walivyozoea, kisha wakakumbuka kwamba ni mchezo, na hapo kicheko kikalipuka hata nikahisi ardhi inatikisika chini ya miguu yangu. Kutoka upande wa tenti sikusikia kitu.

"Simama," sauti ikasema.

Nilidhani ni Mwenyekiti. Lakini ilikuwa sauti ya mama wa goti. Alikuwa ameielewa ile sheria ya Daktari kwa njia yake. Aliingia uwanjani na mwavuli, na badala ya kuchukua nafasi ya mtu, akalichapa dume sawasawa, na upande alioufikia ni upande wangu. Nilipiga hatua mbele, jirani yangu hakupiga, nikagonga mgongo wake kwa paji la uso. Watu wakashangilia. Daktari akaja mbio kumwomba mama arudi kwenye kiti.

Mchezo ukaendelea kidogo tu. Kisha nikasikia kikohozi, kifupi, kikavu. Hakikutoka kwa yule kijana.

"Simama."

Tukasimama. Nikaona buti za kahawia zikitoka kwenye kivuli cha tenti, zikija polepole juu ya nyasi. Zilipofika mbele yetu zikatulia. Nikahisi kiuno cha jirani yangu kikikaza mikononi mwangu. Nilimwaza baba. Niliwaza ile chai, na ua wangu, na jinsi nitakavyopita mbele ya geti lile kesho yake.

"Huyu mzee mmemwigiza vibaya," Mwenyekiti akasema. "Leta kofia."

Kijana akampa. Nikaona miguu yake ikirudi nyuma haraka.

"Mwenye dume hakohoi namna hiyo," Mwenyekiti akasema. Akakohoa kuonyesha inavyofaa. Kilikuwa kikohozi kile kile, na watu wakacheka, naye akangoja wamalize. Akamgeukia mwenye shamba. "Mama, habari ya asubuhi."

"Shikamoo, mzee," msichana akasema.

"Marahaba. Nasikia unalalamika juu yangu."

Msichana alinyamaza. Nadhani alijua kwamba hapo ndipo maneno ya mgeni yanapoishia. Angesema nini, na sisi ndio tutakaobaki? Nikasikia lori likibadilisha gia kule barabarani. Tulikuwa tumelifikisha jambo mbele yake na hakuna aliyekuwa na mdomo wa kulisema.

Ndipo jirani yangu akainua kichwa cha dume.

"Mzee," akasema, kwa sauti nzito iliyotoka chini tumboni, "si yeye analalamika. Ni mimi."

Buti hazikusonga.

"Nani ameongea?"

"Ni mimi, dume yako."

Angeweza kuvua kofia na kuondoka, na ushirikiano ungeishia hapo, na pengine mengi mengine. Nilihesabu kwa pumzi za jirani yangu. Kisha Mwenyekiti akasema, polepole, "Dume yangu inajua Kiswahili?"

"Najua, Mzee. Nimezunguka kwa watu wengi."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilipotulia, buti zilikuwa zimetusogelea hatua moja.

"Haya. Sasa unataka nini?"

"Nataka boma. Asubuhi unanifungulia geti unaniambia niende. Niende wapi? Mimi sina shamba. Nikiingia kwa huyu, ananitoa polepole. Nikiingia kwa yule, ananiambia nikusalimie. Watu wananiogopa kwa sababu yako, na mimi ni ng'ombe tu. Mzee, nimechoka kuogopwa."

Hakuna aliyecheka hapo. Mwenyekiti alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu anayezungumza zizini kwake.

"Si ungeniambia tukiwa nyumbani."

"Nyumbani nitakuambia aje? Ukikohoa, kila mtu ananyamaza."

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wake. Nilikijua kicheko chake kutoka chini ya tenti, kirefu, cha mtu aliyekuwa amekiweka kwa miaka. Umati ukamfuata.

"Na kwa fundi?" Mwenyekiti akauliza. "Nasikia huko ndiko unapenda sana. Kwa nini?"

Kwa hiyo alijua. Alijua hata siku ile ya chai. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukafunguka.

"Mahindi yake ni tamu," nikasema.

Sauti ilitoka upande wa dume usiofaa kutoa sauti. Wauza nyanya walianguka juu ya nyanya zao. Hata buti za kahawia ziliyumba kidogo, na nikasikia Mwenyekiti akijaribu kukohoa na kushindwa, kwa sababu mtu hawezi kukohoa na kucheka kwa wakati mmoja.

"Basi," akasema alipoweza. "Nitakujengea boma. Boma mzuri, ya mbao. Utakaa hapo, wenye ng'ombe watakufuata wenyewe."

"Imesikika," chifu akasema kutoka kwenye kiti chake.

Daktari alitukuta nyuma ya darasa tukivua ngozi. Jirani yangu alikuwa anakunywa maji kutoka kwenye jagi. Uso wa Daktari ulikuwa umepauka.

"Mama," akaniuliza, "yule dume ni wa nani?"

"Ni wa Mwenyekiti, Daktari."

"Mwenyekiti wa kamati yetu?"

"Huyo huyo."

Akatafuta mahali pa kuketi, akakosa, akaketi juu ya dume. "Na mfumo dume?"

Jirani akashusha jagi. "Hiyo iko," akasema. "Ingojee zamu yake."

Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama msichana wake wa pwani, aliyekuwa anakagua kucha zake. Nilimsubiri akasirike. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, akavua miwani, akacheka kimyakimya hadi machozi yakamtoka. Akasema anaomba tu wakubwa zake wasimwulize lolote hadi wafike mjini.

Jumatatu Mwenyekiti alikuja kibandani na suruali ya kupunguzwa. Aliketi kwenye benchi la wateja, akawasha redio, akazima. Tukazungumza juu ya mvua. Kisha akasema, "Ile siku, nani alikuwa nyuma?"

"Nyuma hakuonekani mtu, Mzee," nikasema.

"Huyo wa nyuma anaongea sana."

"Nitamwambia."

Akatazama barabara kwa muda. "Ungekuja kuniambia," akasema.

"Nilikuja, Mzee. Tulikunywa chai."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakusema amekosa, nami sikumngoja aseme. Wiki hiyo mafundi wa mbao walianza kazi kwake, na kabla ya mavuno dume lilikuwa bomani, limenenepa, likiwatazama wapita njia kama mzee aliyestaafu. Nilivuna upande wa mto wote. Nilimpelekea mke wake debe la mahindi ya kuchoma, akanimiminia chai, na safari hii tulizungumza mengi kuliko mvua.

Baadaye chuo kilituita mjini kwenye kongamano. Tulivaa sare za kikundi, tukaketishwa mbele ya ukumbi mkubwa wenye vipaza sauti. Ukutani palikuwa na picha yetu kubwa, dume likijikuna kwenye kigingi, na chini yake maneno juu ya jamii kukabili mfumo dume kwa njia shirikishi. Profesa mmoja aliyevaa tai akamwuliza jirani yangu, kwa maoni yake, ni nini hasa kilichobadilika kijijini.

Jirani akashika kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho. "Dume ikifungiwa," akasema, "vitu vya akina mama vinamea."

Ukumbi ulisimama kupiga makofi. Daktari alikuwa amejificha uso kwa karatasi. Msichana wa pwani hakujificha; alipiga makofi akitutazama machoni, na meno yote nje. Tukapewa chakula na vyeti, tukarudi.

Wao walirudi tena mwaka uliofuata, wakitaka mchezo juu ya maji. Wa kwanza kufika mazoezini alikuwa Mwenyekiti, na kofia ameiacha nyumbani. Daktari akampa nafasi ya chifu, kwa heshima. Akaikataa. Akasema chifu ni rahisi mno, yeye anataka nafasi yenye kazi. Alitaka kuwa mama mkwe anayepigana kisimani.

Alikuja kibandani kesho yake nimpime gauni. Alisimama wima, mikono juu, macho ukutani, nami nikamzungushia futi kiunoni. Jirani yangu aliacha samaki wake waungue ili asimame mlangoni atazame.

"Usibane sana hapo," Mwenyekiti akaniambia. "Huyu mama amezaa watoto wengi."